Yusta na Unga Unaonuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusta alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja, halafu kubeba beseni la mihogo mpaka barabarani na kuianika pembeni ya lami. Ndiyo, lamini! Nusu ya watu wa Heru Juu walikuwa wanaanika hapo. Ukitokea Kasulu mjini kwa pikipiki, ulikuwa unaona weupe umetandazwa kushoto na kulia, kama vile mtu kafua mashuka ya hospitali nzima akayalaza chini.

Zamani haikuwa hivyo. Mihogo ya huku ni michungu, ile ambayo hata ngedere akiichimba anaionja na kuitupa. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake kando ya kijito. Unamenya mihogo, unaizamisha kwenye maji, unaifunika kwa majani na mawe, inakaa humo siku kadhaa mpaka ilainike na kutoa harufu ambayo mgeni akiisikia anaziba pua. Huo ndio udaga. Ndipo unautoa, unauanika, unautwanga. Lakini mwaka huu mvua zilichelewa mno. Kijito kikabaki tope la kukanyagwa na ng'ombe. Na lami mpya iko pale, nyeusi, inachoma kama kikaango! Watu wakasema, ya nini kusubiri maji? Menya, katakata, tandaza, anua. Unga ukawa unatoka mweupe pee, hauna harufu hata kidogo.

"Unga wa kisasa," mama yake Yusta, Ernesta, alikuwa akisema huku anauchekecha. "Hata ukimkaribisha mkuu wa wilaya huoni aibu."

Aliyekataa ni mmoja tu, Bibi Niyomwungere. Alikuwa mama mzee mwenye asili ya Burundi, raia wa siku nyingi, aliyehamia Heru Juu kutoka Kibondo pamoja na mjukuu wake, Ange. Yeye alinunua pipa la plastiki, akawa anachota maji kwenye bomba la mbali, na mihogo yake anailoweka nyuma ya nyumba. Njia ya kijitoni ilipobaki haina wapitaji, akahamishia meza yake ya kuuzia unga pale njia panda, mbele ya nyumba yake, karibu na lami. Harufu yake ulikuwa unaipata kabla hujaiona meza.

Ange alikuwa anakaa dawati moja na Yusta, darasa la sita. Walikuwa marafiki, lakini marafiki wa kutaniana.

"Ange, umekuja peke yako au umekuja na udaga?" Yusta aliuliza asubuhi ile ya Ijumaa, darasa zima likaangua kicheko.

"Nimekuja na akili," Ange alijibu. "Wewe yako umeiacha lamini inakauka?"

Kicheko kingine. Ndivyo walivyokuwa.

Ila wiki ile kijiji hakikuwa na amani. Watu walikuwa wanaumwa! Mtoto wa Mjomba Venanti, ndugu yake mama Yusta, alikula ugali mchana, jioni akaanza kutapika na kuyumba kama mlevi. Akapelekwa mjini, akalazwa. Jirani yao naye vilevile. Kichwa, tumbo, kizunguzungu. Kila ulipopita ulisikia swali lilelile: kuna nini Heru Juu?

Sasa, Ijumaa mchana kulikuwa na mdahalo. Mada iliandikwa ubaoni na Mwalimu Mwamvua, mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa huku akitokea Tanga: "Ugali wa muhogo ni bora kuliko ugali wa mahindi." Ange alikuwa upande wa kutetea. Yusta alikuwa upande wa kupinga, na shule nzima ilijua kwamba Yusta hajawahi kushindwa.

Ange alisimama, akasema taratibu. "Mheshimiwa mwenyekiti, muhogo unavumilia ukame. Mwaka huu mahindi yamekauka, muhogo umesimama. Bibi yangu anasema ukiuandaa vizuri kwa maji ya kutosha, unakaa ghalani muda mrefu na haumdhuru mtu."

Watu walimsikiliza, lakini hakuna aliyepiga makofi. Yusta akanyanyuka. Alitembea mpaka mbele kama mbunge, mikono nyuma.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba msimsikilize huyu! Huyu anatetea meza ya bibi yake! Mtu ananuka udaga mpaka kwenye soksi, atatuambia nini kuhusu chakula?"

Darasa likalipuka. Wa nyuma wakapiga madawati.

"Na nawauliza swali moja tu! Kabla Bibi Niyomwungere hajaleta meza yake njia panda, nani alikuwa anaumwa?"

"Hakunaaa!"

"Ameleta meza, watu wanafanya nini?"

"Wanatapikaaa!"

"Kwa hiyo?"

"Ni yeyeee!"

Makofi yale! Hata darasa la saba walichungulia dirishani. Mwalimu Mwamvua alisimama, akainua mkono. "Yusta, mwanangu, umejuaje kwamba ni unga wake?"

"Mwalimu, kila mtu anajua!"

Kicheko. Mwalimu akafungua mdomo aseme, na kengele ikalia. Ijumaa ikishalia kengele ya mwisho, nani anabaki? Walimwagika nje kama maharage yaliyopasukiwa na gunia. Ange alimpita Yusta, akashika njia ya nyumbani peke yake.

Jioni, Mjomba Venanti alipita nyumbani na pikipiki yake. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, simu haitoki mkononi hata akiwa anakata kona.

"Nasikia leo umeua mtu kwenye mdahalo! Hebu rudia, mjomba, nisikie."

Yusta akarudia, na safari hii akanogesha zaidi, sauti juu, mikono hewani. "Ameleta meza, watu wanatapika. Kwa hiyo?" Hakuona kwamba mjomba wake amebonyeza kitufe cha kurekodi. Au labda aliona, akafurahi. Venanti alituma sauti ile kwenye kundi la WhatsApp la Heru Juu, akaandika chini yake: *Hata mtoto ameona.*

Jumamosi asubuhi Yusta alitumwa chumvi dukani. Akiwa njiani akasikia sauti yake mwenyewe. Akasimama. Inatoka kwenye simu ya mshona viatu! Akaenda mbele, inatoka kwenye simu ya mama wa vitumbua. "Kwa hiyo?" inauliza simu. "Ni yeye!" anajibu mteja. Yusta akajisikia kama amepanda juu ya ngazi. Watu wakamwonyesha kidole. "Ndiye huyu! Mtoto ana akili huyu!"

Halafu akafika njia panda.

Jamani! Meza ya Bibi Niyomwungere ilikuwa miguu juu. Ndoo ya unga imepinduliwa, unga umemwagwa mpaka katikati ya barabara, na watu, watu wazima kabisa, wanaukanyaga! Kijana mmoja alikuwa anapiga lile pipa la plastiki, lililokokotwa kutoka nyuma ya nyumba, kwa mpini wa jembe, pwaa, pwaa, na maji yanayonuka yanatiririka mtaroni. Bibi mwenyewe amesimama mlangoni, kanga imemdondoka begani, haiokoti.

"Mana yanje," alikuwa anasema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, nimewakosea nini?"

"Rudi Kibondo ulikotoka!"

"Mchawi hana kwao, arudi popote!"

Mchawi? Nani kasema mchawi? Yeye hakusema mchawi! Alisema meza tu, alisema unga tu...

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nicodemus, alifika akihema, akajiweka katikati ya watu na mlango. Alikuwa mtu mpole, na siku ile upole wake haukusaidia sana. "Tulieni! Tulieni nasema! Kumpiga mtu ni kosa la jinai, atakayemgusa nitampeleka polisi mwenyewe. Lakini mama, na wewe nielewe. Ili pawe na amani, kesho baada ya ibada nenda kwa mwanao Kibondo. Upumzike huko kwanza."

"Kwanza mpaka lini?" Bibi aliuliza.

Mzee Nicodemus aligeuka kuwatawanya watu.

Ange alikuwa amechuchumaa, anakusanya unga kwa viganja, unga umechanganyika na mchanga. Akainua uso akamwona Yusta.

"Sauti yako nimeisikia," alisema. "Inasikika vizuri." Akaendelea kukusanya.

Yusta alirudi nyumbani bila chumvi.

Jumapili, baada ya ibada, mama Yusta aliharakisha kupika. Maharage ya njano, dagaa, na ugali mweupe wa unga wa lamini. Nathaniel, mdogo wake Yusta, mtoto wa miaka mitano asiyejua kushiba, alikula tonge juu ya tonge. Yusta hakuweza kula. Kila akimega alikuwa anaona viganja vya Ange.

"We mtoto una nini? Kula!"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, hewa?"

Vyombo vilikuwa bado havijaoshwa Nathaniel alipokuja kutoka uwanjani anashika ukuta. "Mama, nyumba inazunguka." Akatapika palepale. Mama akacheka kidogo, akidhani ni ulafi. Mtoto akajaribu kutembea, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka! Macho yamelegea, anapumua haraka haraka kama kuku aliyekimbizwa.

"Nathaniel! Nathanieeel!"

Majirani wakajaa uwanjani. Na neno la kwanza waliloleta, kabla hata ya maji, lilikuwa hili: "Ni yule bibi!"

"Lakini jana tumemwaga unga wake wote," mtu mmoja akasema.

"Basi amefanya kwa hasira! Amemroga mtoto wa nyumba hii kwa sababu dada yake ndiye aliyemtaja!"

Yusta alisikia maneno yale, na kitu kikamgeuka kichwani. Nyumba yao hawajawahi kununua unga wa Bibi. Hata kibaba. Mama alikuwa anasema unanuka. Sasa ikoje? Waliokula unga wa Bibi, ni Bibi. Ambao hawajala, bado ni Bibi?

Hapakuwa na muda wa kuuliza. Mjomba Venanti aliwasha pikipiki, mama akapanda na Nathaniel kifuani, Yusta akajibana nyuma, mzigo wa watu wanne ambao trafiki angeuona angelia. Wakashuka mpaka kituo cha afya mjini.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Kuruthumu. Alimlaza mtoto, akamweka dripu, daktari akaja, wakahangaika naye. Baadaye kidogo, Nathaniel alipoanza kupumua vizuri, muuguzi akamgeukia mama.

"Alikula nini?"

"Ugali, dagaa, maharage."

"Ugali wa nini?"

"Wa muhogo. Lakini unga wetu ni msafi, nesi! Mweupe, hauna harufu!"

Kuruthumu aliacha kuandika. "Mihogo michungu?"

"Ndiyo hiyo ya kwetu."

"Mliiloweka?"

Mama akatazama sakafu. "Kijito kimekauka. Tulimenya, tukaanika lamini."

"Mama," muuguzi alisema, na sauti yake haikuwa ya kugomba, "muhogo mchungu una sumu ndani yake. Jua peke yake haliitoi yote. Sumu inatoka ukiloweka mpaka uchachuke. Ile harufu mnayoikimbia ndiyo dalili kwamba umekaa majini vya kutosha. Huyu ni wa tatu kutoka Heru Juu wiki hii, na wote nimewauliza. Wote lamini!"

Yusta alishika ukingo wa kitanda. Wote! Na mtoto wa Mjomba Venanti? Aligeuka, akamwona mjomba wake mlangoni, mdomo wazi, simu mkononi imezimika kioo.

"Mjomba, nyie mlikula unga wa nani?"

"Wetu," Venanti alisema polepole. "Mke wangu aliuanika mwenyewe. Unga wa bibi tulinunua... tulinunua siku ya nyuma sana, tukala, hatukuumwa." Akajishika kichwa. "Eh! Hatukuumwa!"

"Sasa kwa nini ulisema ni yeye?"

"Kwa sababu wewe ulisema ni yeye! Ulivyoeleza ilikaa vizuri!"

Yusta akamsogelea mama yake. "Mama, Bibi anaondoka leo."

"Najua."

"Unga ulikuwa wetu."

"Najua, Yusta! Sijasikia au?" Mama alishusha sauti. "Ukienda kusema pale, unajua watasemaje? Watasema Ernesta kamlisha mwanae sumu. Nitapita wapi mimi?"

Yusta alimtazama Nathaniel, mkono mdogo umefungwa plasta. "Mimi nilisema uongo, mama, wakaniamini wote. Nisiposema ukweli, Bibi anapita wapi?"

Mama akageukia ukutani.

"Nenda," alisema.

Venanti aliendesha bila kusema chochote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Walipofika njia panda walikuta watu wamejaa. Pikipiki nyingine ilikuwa inasubiri, godoro na masufuria yamefungwa kwa mipira nyuma yake. Ange alikuwa ameshika jogoo kwapani. Bibi Niyomwungere anafunga mlango kwa kufuli. Mwalimu Mwamvua naye alikuwepo, anabishana na Mzee Nicodemus, lakini sauti yake inamezwa.

Yusta alipanda juu ya ile meza iliyopinduliwa.

"Sio yeye! Jamani, nisikilizeni, sio Bibi! Nathaniel hajala unga wake! Sisi hatujawahi kununua!"

"Kwa hiyo amemroga!" mwanaume mmoja akapiga kelele.

"Aliyekula unga wake akiumwa, ni yeye," Yusta akajibu. "Asiyekula akiumwa, ni yeye! Sasa Bibi afanye nini ili isiwe yeye?"

Mama mmoja akacheka kwa dharau. "Shuka hapo! Si wewe mwenyewe uliyesema juzi? Sauti yako ninayo hapa! Juzi ndiyo, leo hapana, tukuelewe vipi?"

"Anamtetea rafiki yake!" mwingine akadakia. "Wanakaa dawati moja!"

"Mtoto wa juzi tu, anajua nini!"

Watu wakacheka. Yusta alihisi kila kicheko kinampiga usoni. Hakuna hata mmoja aliyejibu alichosema! Walikuwa wanamcheka yeye, msemaji, na maneno yake yamebaki hewani kama hayakusemwa. Akamtafuta Ange kwa macho. Ange alikuwa anamtazama. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, kusimama mbele ya darasa siku ile.

"Mimi nanunua kwa huyu mama tangu nimefika Kasulu!" Mwalimu Mwamvua alipaza sauti. "Kila wiki! Nimeumwa lini?"

"Wewe mgeni, hujui ya huku!"

Hapo ndipo simu ya Venanti ilipolia. Akatazama kioo. "Ni dada." Watu wakanyamaza, kwa sababu kila mtu alitaka kujua habari za mtoto. "Dada, vipi, Nathaniel anaendeleaje?"

"Weka sauti kubwa," ilisikika sauti ya Ernesta. "Wasikie wote."

Venanti akabonyeza, akainua simu juu ya vichwa vya watu.

"Mtoto anaendelea vizuri. Ameomba maji." Wengine wakapumua. "Ni mimi Ernesta. Unga uliomdhuru mwanangu niliutengeneza kwa mikono yangu. Sikuloweka. Nilitaka unga mweupe. Nesi ameniambia mihogo yetu ina sumu isipolowekwa, na wanaoletwa hapa wote wamekula unga wa lamini." Sauti ikakatika, ikarudi. "Mkitaka mtu wa kumfukuza, njooni mnifukuze mimi. Yule mama mwacheni."

Simu ikakata. Lori lilipita barabarani, likapiga honi kwa sababu ya mihogo iliyotandazwa, na bado hakuna aliyegeuka.

Kisha yule mama aliyecheka kwa dharau akashika kiuno. "Yoo! Mimi nimeanua leo asubuhi," alisema. "Nimeacha wanangu nyumbani wanasonga!" Akatimua mbio! Na wengine nyuma yake, akina mama na akina baba, wanakimbia, kandambili zinabaki njiani, wanaita majina ya watoto wao. Ndani ya muda mfupi njia panda ilibaki na watu wachache, godoro juu ya pikipiki, na vumbi.

Mzee Nicodemus alivua kofia. "Mama, nimekosa. Nilitaka amani, nikakutoa wewe ili wengine watulie. Hukuwa na kosa, na sikuuliza." Akaanza kufungua mipira ya godoro kwa mikono yake. Siku iliyofuata aliita mkutano, muuguzi Kuruthumu akaja kueleza, na yule kijana aliyepiga pipa alinunua jingine.

Lakini siku ile ile, kabla godoro halijaingia ndani, simu ya Bibi iliita. Ilikuwa kutoka Kibondo, mwanae Nduwayezu.

"Ego, mwana wanje. Ndiyo, mwanangu, nipo. Siji tena." Alisikiliza, uso ukakunjamana. Kisha akamnyooshea Yusta simu. "Zungumza naye wewe. Mimi sina maneno."

Yusta aliishika kama kaa la moto. "Shikamoo, baba."

"Wewe ndiye yule mtoto wa kwenye sauti?"

"Ndiyo, baba. Lakini sio kweli. Nilikosea. Bibi hana kosa."

"Unaniambia mimi? Mimi namjua mama yangu." Baba yule hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilimtisha Yusta zaidi. "Hapa sokoni Kibondo wanaicheza tangu asubuhi. Mtu hata simjui ameniuliza kama natoka ukoo wa wachawi. Hao nao utawaambia nani?"

Kibondo! Hajawahi hata kufika Kibondo!

Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro akalia. Mwalimu Mwamvua akakusanya gauni, akakaa pembeni yake, na Ange akasogea na jogoo wake.

"Ijumaa nilitaka kukuzuia, kengele ikaniwahi," mwalimu alisema. "Nilipaswa niwaite mrudi. Hilo ni langu. Sasa sikiliza la kwako. Masika walimu wote tunavaa mabuti, si ndiyo? Na barabara inajaa tope. Mtu akisema mabuti ndiyo yanaleta tope, utamwambiaje?"

"Nitamcheka. Vyote vinaletwa na mvua."

"Na hii meza ililetwa barabarani na nini?"

Yusta alifuta pua. "Ukame. Kijito kilikauka, wapitaji wakahama." Macho yakamtoka. "Na mihogo ililetwa lamini na ukame huohuo! Mwalimu! Vilikuja pamoja tu!"

"Vilikuja pamoja tu. Kitu kikitangulia kingine, hiyo ni sababu ya kuchunguza, siyo ya kuhukumu. Ungeuliza nani amekula unga wa Bibi na hakuumwa, na nani ameumwa bila kuula, ungejua jibu Ijumaa ileile. Ange alileta hoja, wewe ukamjibu soksi zake. Ukimcheka msemaji hujajibu alichosema. Na uliponiambia kila mtu anajua, hukuniambia hata mmoja amejuaje. Ulishinda kwa makofi, Yusta. Makofi siyo ushahidi, na mtu mwenye ulimi mwepesi kama wako anatakiwa ajikague mara mbili zaidi ya wengine, kwa sababu wewe wanakuamini."

Bibi Niyomwungere alitoka na ufagio, akampa Yusta. Yusta akafagia unga wote kwenye njia panda, mpaka uliokuwa kwenye nyufa za lami.

Alipomaliza, alimwomba Mjomba Venanti simu ili arekodi sauti mpya, iende kila kundi ilikokwenda ile ya kwanza, na Kibondo pia. Ange akakaa karibu kusikiliza. Yusta akabonyeza.

"Ndugu wa Heru Juu na Kibondo, ni mimi Yusta. Niliyosema juzi kuhusu Bibi Niyomwungere siyo kweli. Sasa watu wanasema kwamba mihogo ya lamini..."

"Simamisha," Ange akasema.

"Nini tena?"

"Watu wanasema. Watu gani? Nesi amesema, mtaje. Na mama yako amesema, mtaje. Futa hiyo."

Yusta akamtazama. Ange hakucheka, lakini hakuondoka pia.

Yusta akafuta, akaanza upya.